Sura ya Tisa: Mtumbwi Mmoja na Mkwe

Pua unaisikia kabla hujaiona. Ni mlima uleule unaosimama nyuma ya kijiji, ila mahali hapo umeinama ukachomeka jiwe lake refu ziwani, kama mtu aliyelala kifudifudi akazamisha pua majini. Chini ya jiwe kuna pango, na maji yakiingia na kutoka hufanya sauti ya pumzi. Siku ya utulivu ni pumzi ya mtoto aliyeshiba. Siku ile Atuganile aliisikia kama ya mtu anayeumwa.

"Mbona inahema hivyo?"

"Ndivyo ilivyo," Lutengano alijibu bila kugeuka. "Wageni wa Mbeya wanatoka mjini na kamera zao kuja kuisikiliza. Wewe umeletwa bure, unalalamika."

"Silalamiki. Nauliza."

"Basi usiulize ukiwa umesimama kwenye utelezi. Nipe mkono."

Alimpa. Kwa mkono ule angevuka hata penye mamba. Njia ya kwenda Pua ni ukanda mwembamba wa mawe, ukuta wa mlima upande mmoja, ziwa upande wa pili. Ziwa likilala, unapita umeshika viatu mkononi. Likichafuka, njia haipo.

Atuganile alikuwa amevaa suruali ya jinzi aliyoazima kwa Winnie, rafiki anayepanga naye chumba Kyela mjini, na kichwani kofia ya Lutengano iliyomfunika mpaka nyusi. Hakuvaa hivyo kwa urembo. Msichana aliyekwisha kutolewa ng'ombe hatembei ovyo kwenye kijiji cha wakwe zake, na yeye alikuwa mkwe tangu wakati wa mavuno ya mpunga, ng'ombe wa kina Lutengano walipoingia kwenye zizi la baba yake kule Busale.

Na kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Hawatazamani, hawasalimiani, hawali pamoja, hawapandi chombo kimoja. Huyu akipita njiani, yule anaingia migombani. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, watu wanakaa benchi moja kanisani na maisha yanaendelea. Lakini si familia ya Mzee Ambakisye, baba yake Lutengano. Huko kamba bado imekazwa. Basi Atuganile alikuwa hajawahi kuiona sura ya mtu aliyemzaa mwanaume anayempenda. Mara moja, sokoni Kyela, mtu alimwambia, "Mkwe wako yule anakuja," akajitupa nyuma ya magunia ya kokoa mpaka miguu ikafa ganzi. Alichoambulia kukiona ni kisigino.

"Hivi kisigino kile kina uso gani?" alikuwa akimtania Lutengano.

"Uso wangu, ila umekunjamana," Lutengano hujibu.

Walicheka, lakini kicheko cha Atuganile hakikufika mbali. Kulikuwa na Shangazi Felista, dada wa mzee, aliyekataa hata kwenda Busale siku ya kupeleka ng'ombe. Huyo alikuwa ametangaza visimani na kanisani: "Fundi cherehani wa mjini atajua wapi adabu? Siku nikisikia amemtazama kaka yangu usoni, ng'ombe wale watarudi kwa miguu yao wenyewe." Na mama yake Atuganile, kwa upande wake, alimwonya kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na ukuta: wanaoivunja mila ile huugua ugonjwa usio na jina, au tumbo likakataa kushika.

Walipofika kwenye jiwe la mwisho, lililo tambarare kama sakafu, Atuganile alisahau yote kwa muda. Ziwa lilikuwa limetandazwa mpaka milima ya Malawi, ya rangi ya moshi kwa mbali. Nyuma yao milima ya kwao ilishuka wima, haikuacha hata nafasi ya kujenga banda la kuku. Na katikati ya maji zilisimama nguzo nyeusi, ndefu, zikijipinda polepole.

"Kunaungua nini kule?"

"Hakuungui kitu. Ni wadudu wa ziwani. Wanatoka majini maelfu kwa maelfu." Lutengano alimvua kofia, akamtazama kama anayeisoma sura yake kwa mara ya kwanza. "Atu, unajua ukikaa kwenye mwanga huu nasahau hata njia ya kurudi nyumbani?"

"Acha maneno yako. Umenileta kunionyesha au kuniambia?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Baba mdogo amepiga simu kutoka Karonga, kule Malawi. Duka limekua, anataka mtu wa kumwamini. Tuvuke mpaka wiki hii, mimi na wewe."

"Na harusi?"

"Makanisa yapo hata Karonga."

"Mama yangu yupo Karonga?"

"Atu, sikiliza. Shangazi Felista anazunguka nyumba hadi nyumba. Leo anasema huna adabu, kesho atasema umeonekana na wanaume stendi. Ile harusi haitafika. Tukiondoka, atamsema nani?"

"Atanisema mimi niliyetoroka." Atuganile alirudi hatua moja. "Nikuulize. Shangazi anaponisema, wewe unamjibu nini?"

Lutengano aliokota kijiwe, akakirusha majini.

"Nimekuuliza, Lutengano."

"Shangazi hajibiwi."

"Kwa hiyo unanyamaza."

"Nanyamaza ili mambo yapoe!"

"Yamepoa?"

Pumzi ya jiwe iliingia, ikatoka. Lutengano alikunja uso. Ni kijana mzuri, sauti yake laini, na watu wenye sauti laini wakipandisha hasira hawajui pa kuiweka.

"Mwanamke mwingine angefurahi kuambiwa twende."

"Mtafute huyo. Mimi sitavushwa mpaka kama mbuzi wa wizi. Nitatoka kwa baba yangu mchana, watu wakiimba, au sitoki."

"Basi baki hapa na jiwe lako, muoane!"

Akashika njia. Atuganile alisema moyoni, atageuka pale penye kona. Lutengano alifika kwenye kona, hakugeuka.

Atuganile naye ana kiburi chake. Alikaa chini, akayafuta machozi kwa kofia ya mtu aliyemliza, akajiambia hatamfuata ng'o, wacha arudi mwenyewe kuomba radhi. Alikaa hivyo muda mrefu. Kilichomwamsha ni baridi shingoni. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kusini. Zile nguzo nyeusi ziwani zilikuwa zimefutika kama zilizopanguswa kwa kiganja, na maji, yaliyokuwa ya buluu, yamekuwa ya rangi ya risasi. Chini yake jiwe lilihema harakaharaka.

Alikimbilia njiani. Wimbi la kwanza lilimfika magotini. La pili lilimbana ukutani, likamvua kiatu, likaondoka nacho. Alirudi kwenye jiwe tambarare akitambaa.

"Wewe! Shika kamba!"

Sauti ilitoka majini. Mtumbwi mwembamba ulikuwa unapanda na kushuka karibu na jiwe, na ndani yake mzee aliyejifunga shuka kifuani, anapiga kafi kama anayesonga ugali wa msiba. Alirusha kamba. Atuganile aliidaka, akavuta mpaka viganja vikaungua, na pamoja, mmoja akisukuma mwingine akivuta, waliupandisha mtumbwi juu ya jiwe.

"Ndaga, ndaga fijo," mzee alishukuru akihema. "Kumbe mikono ya mjini nayo ina nguvu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Suruali hiyo ni ya Mbeya, hapana shaka. Wenzako wako wapi?"

Atuganile angesema nini? Kwamba mchumba wake amemtupa juu ya jiwe?

"Wametangulia."

"Wamekuacha! Vijana wa siku hizi, wanapiga picha na jiwe wanamsahau mtu." Alitazama anga, akatazama maji. Uso wake ulikuwa mwembamba, macho ya utani. "Haya. Tusubiri kidogo. Upepo huu ukichoka, nitakuzungusha upande wa pili wa Pua, huko maji yanalala. Usipochoka..." Hakumaliza. Alitoa kifurushi cha jani la mgomba, ndani mna ndizi za kuchoma na kipande cha samaki mbasa aliyekaushwa. "Kula. Mwenye njaa anaogopa mara mbili."

Walikula kwenye jani lile moja, mabega yameegemea mtumbwi, maji yakiwarushia matone. Mzee alimwona anatetemeka.

"Unajua vitendawili, au huko mjini mnajua simu tu?"

"Bibi yangu alinilea kwa vitendawili kuliko uji."

"Ehe! Kitendawili."

"Tega."

"Anaoga usiku na mchana, na bado ana magaga."

Atuganile alitazama lile jiwe jeusi lililopasukapasuka.

"Hilo tulilokalia."

"Ah! Nimekutegea la watoto. Tega wewe."

"Kitendawili."

"Tega."

"Kazaliwa matopeni, kakomazwa motoni, ana tumbo la mimba na hajawahi kuzaa."

"Chungu!" Mzee alipiga goti lake. "Hapo hunipati. Mama wa watoto wangu alikuwa Mkisi, mfinyanzi. Alifinyanga mpaka mwezi aliofariki. Kwangu vyungu vilikuwa vingi kuliko watu."

Kidole cha baridi kilipita mgongoni kwa Atuganile. Mama yake Lutengano alikuwa Mkisi. Naye alifinyanga, naye alifariki. Lakini wafinyanzi wa Kikisi ni wengi pwani ile, alijiambia, na wengi wamefariki. Akamtega mzee kile cha moshi unaotembea ziwani na hakuna anayepika, mzee akajibu wadudu kabla hajamaliza, akamtania kwamba hicho amekitunga leoleo baada ya kuziona nguzo. Ilikuwa kweli. Atuganile alicheka, kicheko chake kile kikubwa kinachomtoka bila ruhusa.

Mzee aliinamisha kichwa upande mmoja, akakisikiliza mpaka kikaisha.

"Haya. Hiki ni changu mwenyewe, hukusikia popote. Kitendawili."

"Tega."

"Nimemtolea ng'ombe nikamwita nyumbani, na sijui kama ana jicho moja au mawili."

Wimbi lilipiga jiwe, likapanda mpaka kwenye mkia wa mtumbwi. Atuganile alilijua jibu. Aliuangalia uso wa mzee, na sasa, kama mtu anayefutiwa ukungu kiooni, akaiona pua ya Lutengano, kidevu cha Lutengano, vyote vimekunjamana.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Nakupa..." Akili ilitafuta mji wowote, Tukuyu, Mbeya, Dar es Salaam. Mdomo ukakimbilia nyumbani. "Nakupa Busale."

"Busale!" Mzee alicheka. "Huo nao ni mji? Hata hivyo naupokea, maana jibu liko hukohuko. Ni mkwe wangu. Ng'ombe wangu wako Busale, na yeye anashona nguo Kyela. Nikipita karibu na duka analoshonea naangalia vidole vya miguu yangu. Dada yangu anasema binti hana adabu. Mimi ningejuaje? Siku moja tu nilimsikia anacheka mle ndani. Nikasema, Ambakisye, mwenye kicheko hicho hawezi kuwa mbaya." Alitafuna taratibu. "Kilifanana na chako. Ndiyo maana nimekutazama."

Atuganile alifunga mdomo kama anayeuziba mlango. Alikuwa amemtazama. Amemgusa mkono kwenye kamba. Amekula naye. Kila kilichokatazwa alikuwa amekifanya kabla ndizi haijaisha, na sauti ya mama yake ilirudi: ugonjwa usio na jina.

Kisha likamjia wazo jingine, baya kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Akinyamaza, nani atajua? Mzee huyu hatamtazama tena maisha yake yote. Anaweza kuolewa kwake, akamzalia wajukuu, akapika chakula chake na kukipitisha kwa mikono ya mwingine, na mzee akafa bila kujua kwamba mkwe wake ndiye yule binti wa suruali. Mila yenyewe ingewaficha. Ni kicheko tu angepaswa kukizika.

"Binti, mbona umebadilika rangi? Ni mawimbi?"

"Ni mawimbi, babu."

"Atuuu!" Sauti ilipasua upepo kutoka kwenye kona. "Atuganileee!"

Mzee alisimama. Ng'ambo ya njia iliyomezwa, Lutengano alikuwa ameng'ang'ania ukutani, amelowa, anapunga mkono. Hakuweza kumwona mzee nyuma ya mtumbwi mpaka aliposimama. Alipomwona, mkono ulibaki hewani.

Mzee Ambakisye alimtazama mwanawe. Hakugeuka kumtazama msichana. Polepole sana alifungua shuka lake kifuani, akalivuta juu ya kichwa, akausogeza mwili wake wote kulielekea ziwa. Atuganile alianguka magotini, akajifunika uso kwa kofia. Wakakaa hivyo, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na jiwe chini yao likihema kama linaloshindwa kupata hewa.

"Nenda ufukweni!" mzee alimpigia mwanawe kelele. "Hapo utakufa!"

Lutengano aliondoka. Maji yalipanda tena, safari hii yakauinua mtumbwi na kuuachia kwa kishindo. Mzee aliishika kafi, akazungumza nayo, maana baba mkwe hazungumzi na mkwe wake.

"Kafi, mwambie yule binti mtumbwi ni wake. Aketi, auambae ukuta wa jiwe mpaka afike maji yaliyotulia. Mimi nitabaki."

Atuganile alijibu akiwa ameinamia jiwe.

"Kafi, mwambie mzee sijui kukushika. Na hata ningejua, simwachi hapa."

"Kafi, mwambie hatupandi chombo kimoja."

"Mwambie basi tufe kwenye jiwe moja. Hilo mila imelikataza?"

Wimbi lililofuata liliwafika viunoni wakiwa wamepiga magoti, na jani la mgomba likaondoka na ndizi zilizobaki.

"Kafi," mzee alisema, na sauti ilikuwa imevunjika, "mwambie akae mbele, atazame mbele, asigeuke hata nikipiga kelele."

Ndivyo walivyotoka. Atuganile alikaa mbele, akichota maji ya ndani kwa kofia na kuyamwaga, akichota na kumwaga. Nyuma yake alisikia kafi na pumzi ya mzee, na kila mara magoti yake yalipomgusa mgongoni wote wawili walishtuka kama waliochomwa. Mtumbwi ulipanda mgongo wa wimbi, ukasimama, ukaangukia upande wa pili. Jiwe lilipita karibu nao jeusi, na mdomo wa lile pango ulifunguka ukavuta maji, ukavuta na mtumbwi nayo. Mzee alipiga kelele. Atuganile hakugeuka. Alisali Baba Yetu akakosea katikati, akaanza upya, na kabla hajafika mkate wa kila siku, upepo ulikatika kama mlango uliofungwa. Walikuwa wamepita. Upande huu maji yalikuwa yanatikisika tu.

"Kafi," mzee alisema, "mwambie ufukweni kuna watu. Dada yangu nadhani yupo, na sura ya binti haijui. Wakiuliza, nitasema nimemwokota mgeni wa Mbeya. Sitamsemea uongo huo bila yeye kukubali. Anakubali?"

Atuganile alitaka kusema ndiyo. Alitaka Lutengano, alitaka harusi ya mchana. Machozi yalichanganyika na maji usoni.

"Mwambie ninakubali," alisema.

Ufukweni wanawake wa Kikisi walikuwa wamekaa kando ya vyungu vyao vilivyofungwa kwa majani, wakisubiri ziwa litulie wavipeleke mnadani. Kati yao alisimama mwanamke mrefu, kanga kiunoni, mkono mdomoni. Lutengano alikuwa amewahi kufika kwa njia ya mlimani, anatweta.

"Kaka!" mwanamke mrefu aliita, na Atuganile akajua huyu ndiye Felista. "Tumeuona mtumbwi ukimezwa, tukasema tumekupoteza! Na huyo uliyempakia ni nani?"

"Mgeni wa Mbeya," mzee alisema. Alishuka majini, shuka bado kichwani, mgongo ukiwaelekea wote. "Nimemkuta Pua."

"Mgeni." Felista alimpandisha Atuganile na kumshusha, suruali iliyoshikana na miguu, mguu mmoja peku. "Na shuka kichwani la nini? Unamficha nani sura yako, kaka? Mgeni wa Mbeya anakimbiwa?"

Felista si mjinga. Aligeuka taratibu.

"Lutengano. Mbona umelowa? Ulikuwa wapi? Unamjua huyu?"

Atuganile alimtazama Lutengano. Kila alichokuwa amekitaka katika dunia kilikuwa kimesimama pale, kinadondosha maji mchangani. Lutengano alimtazama baba yake, akamtazama shangazi, kisha akamtazama yeye, na macho yake yakapita juu yake kama yanavyopita juu ya jiwe.

"Simjui, shangazi. Ni mgeni tu."

Alisema vizuri. Hakukwama, hakumeza mate. Kisha shangazi alipomgeuzia kisogo, akamkonyeza Atuganile.

Ukonyezo ule ndio uliomuua. Uongo wa mzee ulikuwa umemtoka mzee kwa shida, kama mwiba. Wa Lutengano ulitoka laini, na Atuganile aliona miaka yote inayokuja: shangazi atasema, Lutengano atamkana, kisha atamkonyeza pembeni.

Aliikamua kofia, akaiweka juu ya mtumbwi.

"Naitwa Atuganile," alisema. "Kwetu Busale. Ng'ombe wenu wako zizini kwa baba yangu."

Mmoja wa wafinyanzi alikiweka chini chungu alichokuwa amepakata, polepole, kama anayeogopa kitapasuka kwa sauti. Felista alijishika kichwa.

"Kaka! Mtumbwi mmoja na mkwe wako! Umemtazama?"

Mzee Ambakisye alikuwa ameushika ukingo wa mtumbwi wake.

"Nimemtazama."

"Yesu!"

"Tumekula jani moja. Na kwenye vitendawili amenisumbua."

"Ng'ombe watarudi leoleo! Mnataka kutuletea balaa? Mtu augue, mtoto asizaliwe, tumlaumu nani?"

"Felista, ng'ombe ni wangu, hawarudi. Balaa likija, litafute mkubwa wa nyumba kwanza. Mimi ndiye mkubwa." Alikohoa, kikohozi kizito cha mtu aliyemeza ziwa, na wanawake walitazamana. "Mpeni mkwe wangu nguo kavu."

Akaondoka kuelekea migombani bila kugeuka, shuka likiburuza maji, kikohozi chake kikisikika hata alipokwisha kupotea. Mwishowe Felista alifungua kanga ya juu, akanyoosha mkono pembeni na kuiachia mikononi mwa Atuganile huku akiangalia kwingine.

Lutengano alisogea. Alinong'ona.

"Atu, mbona umefanya hivyo? Nilikuwa nakuokoa."

"Baba yako naye alikuwa ananiokoa. Yeye aliniuliza kwanza."

"Lakini amekubali! Hukumsikia? Hawarudishi ng'ombe. Tumeshinda, Atu. Njoo."

Alinyoosha mkono. Atuganile alijifunga kanga ya Felista juu ya suruali iliyolowa, akalikaza fundo, na hakuupokea. Kutoka migombani kikohozi kilisikika tena. Asubuhi ile hofu yake ilikuwa kumkosa Lutengano. Sasa hofu yake ilikuwa kumpata.